Northrup McMillan: Mwindaji, Mwanasiasa na Mlima wa Kilimambogo

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, katika familia yenye mali nyingi. Alifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 akitafuta wanyama wa kuwinda, akaishia kumiliki maelfu ya ekari karibu na mlima ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk na wakazi wengi wa Machakos huuita Kilimambogo. Shamba lake la Juja lilivuma kwa ukarimu. Mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, katika safari iliyoua wanyama wengi mno.

Alipigana upande wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akapewa cheo cha Sir. Cheo hicho hakirithiwi. Kilikuwa tofauti na cha Lord Delamere, kinara wa siasa za walowezi, aliyeurithi ubwana wake kutoka kwa baba. Hata hivyo, katika siasa za koloni wawili hao walisimama upande mmoja.

McMillan aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa mwakilishi wa eneo lililoitwa Ukamba. Hapo ndipo ilipo dhuluma ya siasa za wakati ule: Wakamba hawakuwa na kura. Aliyezungumza kwa jina la nchi yao alichaguliwa na walowezi na aliwajibika kwao tu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1957 ndipo James Muimi achaguliwe kuwawakilisha Wakamba, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika.

McMillan alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1925. Alikuwa ametaka kuzikwa kileleni mwa Kilimambogo, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Mwili wake ulipandishwa mlimani kwa kuvutwa na trekta, lakini mtambo ukashindwa na mwinuko, akazikwa njiani. Mkewe, Lucie, alijenga Maktaba ya McMillan jijini Nairobi kwa kumbukumbu yake. Ilifunguliwa mwaka 1931, ikiwa ya Wazungu peke yao, na Waafrika waliruhusiwa kuingia ukoloni ulipokuwa ukingoni tu. Lady McMillan alifariki mwaka 1957, naye akazikwa mlimani kando ya mumewe.

Mwaka 1967 mlima ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake ni dogo, takriban kilomita 20 za mraba, ila msitu wake mnene bado ni makao ya mbogo walioupa mlima jina. Sifa ya uhifadhi huu haimwendei McMillan peke yake, kwa maana wenyeji waliishi na mlima huo vizazi vingi kabla mlowezi yeyote hajaumiliki. Makaburi ya familia hiyo yamo ndani ya hifadhi, ambayo leo inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS.