Magome, Karatasi na Mstari wa Mwaka 1890

Mwaka 2024, katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa yafanyikayo Venice, Italia, banda la Uganda lilionyesha kazi za Sanaa Gateja, msanii aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950. Gateja huchukua karatasi zilizokwisha kutumika na kutupwa, huzikata vipande virefu vya umbo la pembetatu, huvisokota kimoja kimoja kwenye kijiti chembamba, huvitia gundi na kuvipaka vanishi hadi vikawa shanga. Kisha maelfu ya shanga hizo hushonwa juu ya nguo ya magome ya mti. Kinachopatikana ni kazi kubwa zining'iniazo ukutani au kusimama ukumbini kama sanamu.

Mkazi wa Rwamishenye, au wa popote pale Bukoba na Muleba, anaweza kuipokea habari hii kama sifa ya jirani. Hoja yangu ni kwamba vitu viwili vilivyomo katika kazi hiyo, yaani magome na karatasi, ni sehemu ya historia ya Buhaya pia. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini upande mmoja wa mpaka vikawa sanaa ya kisasa, na upande wetu vikabaki kumbukumbu ya wazee.

Tuanze na magome. Nguo hii, ambayo Waganda huiita olubugo, hutokana na mti wa mutuba ulio katika jamii ya mikuyu. Fundi hulibandua gome wakati wa mvua, hulifunika shina kwa majani ya migomba ili lisikauke, kisha huligonga gome kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka lilainike na kupanuka. Mti haufi, huota gome jipya, na fundi hurudi mwaka unaofuata. Ufundi huu haukuwa wa Buganda peke yake. Katika falme za Wahaya pia watu walivaa magome, pamoja na ngozi na nyasi, kabla ya pamba ya madukani kuenea.

Magome na karatasi vina udugu ambao huwa hatuufikirii. Wachina wa kale walitengeneza karatasi kwa nyuzi za magome ya miti, ikiwemo ya jamii ya mforsadi, na mforsadi na mutuba ni miti ya ukoo mmoja. Wamisri nao waliandika juu ya mafunjo, mmea uleule uliojaa katika vinamasi vya Mto Kagera, ambao maji yake huingia Ziwa Nyanza na hatimaye Mto Nile. Malighafi, basi, haikuwa ngeni kwetu. Kilichokuja kutoka nje ni karatasi kama chombo cha mamlaka.

Mwaka 1890 mambo mawili yalitokea. Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliothibitisha mpaka wa magharibi mwa ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na katika mwaka huohuo Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mstari uliochorwa katika karatasi huko Ulaya ukawatenganisha watu waliokuwa wakielewana lugha na kubadilishana bidhaa. Miaka miwili baadaye Mapadre Weupe walifika Kashozi, na vitabu vya dini na vya shule vikafuata. Baada ya hapo mtu wa Buhaya akaijua karatasi kwa sura nyingi: risiti ya kodi, cheti cha ubatizo, barua ya mkuu wa wilaya, na stakabadhi ya kahawa, hasa tangu chama cha ushirika cha wakulima kilipoundwa mwaka 1950. Aliyekuwa na karatasi alisikilizwa. Asiyekuwa nayo alisubiri nje.

Ndiyo maana naona uzito katika kazi za Gateja. Karatasi iliyowahi kuamuru, kutangaza au kudai inasokotwa hadi maandishi yake hayasomeki tena, kisha inashonwa juu ya nguo ambayo karatasi hiyohiyo ilisaidia kuidharaulisha.

Kwa nini basi Uganda? Wengine watajibu kwamba Waganda wanapenda mila zao kuliko sisi. Jibu hilo silikubali. Mapenzi peke yake hayahifadhi ufundi. Taasisi ndizo huuhifadhi. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967, lakini ikazirejesha mwaka 1993, na kutawazwa kwa Kabaka na mazishi ya heshima yakaendelea kuhitaji magome. Sisi tulifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, kwa sababu za umoja wa taifa ambazo bado naziona ni za msingi, lakini hatukuwapa mafundi wa machifu mahali pengine pa kufanyia kazi. Makerere ilikuwa na shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell tangu miaka ya 1930. Hata Mtanganyika Sam Ntiro, aliyekuja kuwa Balozi wetu London, alisomea huko. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wa magome wa Uganda kuwa urithi wa binadamu. Gateja mwenyewe hakubaki na ujuzi wake chumbani, bali aliwafundisha wanawake wengi kutengeneza shanga hizo, zikawa kipato.

Tanzania nayo ilikuwa na banda lake Venice mwaka huo wa 2024, kwa mara ya kwanza. Ni hatua njema. Hata hivyo, banda la miezi michache huko Ulaya haliwezi kuchukua nafasi ya karakana Bukoba. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Tunapozungumzia amali, tunataja useremala, ushonaji na uchomeleaji, na ni sawa. Lakini shule za Kagera huchoma karatasi kila mwisho wa muhula, na wako wazee wanaokumbuka walichosimuliwa kuhusu magome. Mwalimu mmoja wa sanaa, mti mmoja wa mutuba uani na mikataba ya haki kwa mafundi vingetosha kuanzia.

Kutoka Rwamishenye hadi Mutukula ni kiasi cha kilomita 80. Halmashauri zetu zinaweza kuwaalika mafundi wa ng'ambo ya mpaka waje kufundisha, kabla wazee hao hawajatutoka.