Riwaya za taharuki kwa vijana: tunasubiri nini, na zitatufikaje Rungwe Mpya?

Kijana akimaliza hadithi iliyomkosesha usingizi, swali lake huwa moja tu: kinachofuata kinatoka lini? Swali hilo hutufikia mara nyingi kwa ujumbe mfupi, na dakika mbili za hewani hazitoshi kulijibu. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, ili msikilizaji wa Rungwe Mpya, Kasulu, Kibondo au Kakonko ayasome kwenye simu yake kwa nafasi yake, na akipenda ampelekee mwenzake.

Tuanze na jibu fupi. Riwaya za taharuki kwa Kiswahili zipo nyingi, za tangu zamani na za sasa. Zilizo chache ni zile zilizoandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka 13 hadi 18 mwenyewe, zenye hatari anazozijua na umri wake ndani yake. Hizo ndizo tunazozisubiri, na zipo njia za kujua zinapotoka.

Taharuki ni nini?

Taharuki ni ile hali ya msomaji kubaki roho juu, hajui nini kitafuata na hawezi kukiweka kitabu chini. Haihitaji bastola wala maiti. Inahitaji mambo matatu: mtu tunayemjali, hatari inayomsogelea, na jambo ambalo bado tumefichwa.

Wasikilizaji wetu wa siku nyingi wanaijua taharuki kutoka redioni. Mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 ulikuwa ukikatika pale pale ambapo mtu anataka kujua zaidi, na watu wakarudi kwenye redio kipindi kilichofuata. Kabla ya redio walikuwapo bibi na babu zetu, jioni sufuria la maharage likiwa jikoni, wakijua vizuri mahali pa kunyamaza ili watoto waseme, "Halafu?"

Walio sekondari wamekutana nayo darasani pia, pengine bila kuambiwa jina lake. Katika Takadini ya Ben Hanson, mama aitwaye Sekai anatoroka usiku na mtoto wake mwenye ualbino, kwa sababu mila ya kwao ilitaka mtoto huyo auawe. Ukurasa kwa ukurasa tunajiuliza kama watamfikia. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Peter na Zita wanakosa ada, wanatoka shuleni na kuingia katika maisha ya jalalani jijini Dar es Salaam, na kila hatua inawapeleka karibu zaidi na hatari. Vitabu hivi viwili vilisomwa na maelfu ya wanafunzi kwa ajili ya mtihani, lakini waliovipenda walivipenda kwa sababu ya taharuki.

Zilikotoka

Baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na akili nyingi, ambaye wasomaji wengi humfananisha na Sherlock Holmes wa mwandishi Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Wakulima wenzetu watafurahi kujua kwamba Abdulla kwa miaka kadhaa alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la wakulima huko Zanzibar. Alitunga hadithi zake akiwa mtu wa kazi, kama wengi wetu.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba akawa maarufu kiasi kwamba baadhi ya watu walimzungumzia kama mtu wa kweli.

Kisha akaja wa kwetu. Ben Mtobwa alizaliwa mwaka 1958 katika mkoa huu wa Kigoma. Aliandika Lazima Ufe Joram, Najisikia Kuua Tena, Tutarudi na Roho Zetu?, Dar es Salaam Usiku na nyingine nyingi, na mpelelezi wake Joram Kiango alisomwa kuanzia mjini hadi vijijini. Hakuishia kuandika. Alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko Publishers, na ndiyo iliyochapisha Watoto wa Mama N'tilie tuliyoitaja hapo juu. Mtobwa alifariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 50.

Kwa hiyo mtu asimwambie kijana wa Kasulu kwamba riwaya za kusisimua ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo ametoka huku huku.

Pengo liko wapi?

Vitabu vya Mtobwa na Musiba viliandikwa kwa watu wazima. Vina ulevi, mapenzi ya watu wazima, na damu nyingi. Kijana wa miaka 13 huvisoma kwa kujificha, mzazi akivikuta anavichoma au anavificha, na ugomvi unaanza. Upande wa pili kuna vitabu vya watoto wadogo, vya sungura na fisi, ambavyo kijana huyo huyo anaviona vimempita umri. Katikati hapo pana shimo.

Shimo hilo lina gharama. Kijana aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea na masomo huachana na maandishi taratibu. Baada ya miaka michache maelezo ya dawa ya mahindi au mkataba wa kuuza kahawa humpa shida, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa mazoezi. Hadithi inayomvuta hadi ukurasa wa mwisho humpa mazoezi hayo bila kumwita darasani.

Wapo walioanza kuziba pengo hilo. Ken Walibora wa Kenya aliandika Siku Njema mwaka 1996, kuhusu kijana Kongowea Mswahili anayetoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Huwezi kukiacha. Nahida Esmail aliandika The Detectives of Shangani, kuhusu vijana wapelelezi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hicho kiko kwa Kiingereza, na Tuzo ya Burt, iliyohimiza vitabu vya vijana hapa Tanzania kwa ufadhili kutoka Kanada, nayo ilijikita katika vitabu vya Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili, Hussein Tuwa ametoa riwaya za taharuki kama Mkimbizi, Mfadhili na Utata wa 9/12, ambazo vijana wakubwa wa sekondari wanazifurahia.

Tutajuaje kinachokuja?

Hatutaji hapa majina ya vitabu ambavyo havijatoka, maana tarehe za uchapaji hubadilika, na hatutaki mtu apande gari hadi mjini kufuata kitabu ambacho hakijafika. Tunataja milango ambayo vitabu vipya hupitia.

Mlango wa kwanza ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha nyanja nyingine zikaongezwa, zikiwamo hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na mpango wa Serikali ni kuchapisha kazi za washindi na kuzifikisha shuleni. Kwetu sisi wa mbali hilo la mwisho ndilo kubwa: kitabu kinachoshinda kina nafasi ya kufika katika shule yako bila wewe kukifuata.

Mlango wa pili ni tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inajulikana kama Safal-Cornell. Nayo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, hivyo majina ya washindi ni dalili ya vitabu vya kesho.

Mlango wa tatu uko Kenya. Tuzo ya Jomo Kenyatta, ya chama cha wachapishaji wa nchi hiyo, hutolewa kila baada ya miaka miwili na ina kundi la vitabu vya vijana vya Kiswahili. Kiswahili hakina mpaka, na kitabu cha Nairobi kinasomeka Kibondo bila mkalimani. Vivyo hivyo kwa vijana wa kambi ya Nyarugusu waliokuja na Kiswahili cha Kongo: wao na wetu wanaweza kusubiri kitabu kimoja.

Zingatia pia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wachapishaji na waandishi hupenda kuitumia siku hiyo kutangaza kazi zao.

Kitafikaje mkononi?

Kitabu hupita njia ndefu. Mwandishi huandika mswada, mhariri huusafisha, mchapishaji huutengeneza na kuuombea namba ya kitabu, mtambo huchapa, kisha vitabu hupakiwa kwenda madukani. Maduka mengi ya vitabu yako miji mikubwa. Sisi wa juu huku ndio wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi kinachofika ni vitabu vya mtihani tu. Zipo njia za kufupisha safari hiyo.

Kwanza, changishaneni. Vijana kumi wakichanga kidogo kidogo, kama mama zao wanavyofanya kwenye vikoba, wanapata kitabu kimoja na wasomaji kumi. Kivalisheni jalada la karatasi ngumu, andikeni majina kwenye daftari, na kila mmoja apewe siku zake.

Pili, mwombeni mwalimu wa Kiswahili. Agizo la shule lina uzito kwa muuza vitabu kuliko la mtu mmoja, na kitabu huweza kupanda basi pamoja na mzigo mwingine wa shule.

Tatu, ukifika Kigoma Mjini, ingia maktaba ya mkoa. Uliza utaratibu wa kujiunga na kuazima, na ukikikosa kitabu, waambie unakitaka. Mkutubi asiyeulizwa hawezi kujua kijana wa Rungwe Mpya anapenda nini.

Hadithi za kwenye simu

Wengi sasa wanasoma hadithi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Ni mtindo ule ule wa magazeti ya zamani yaliyomalizia kwa neno "itaendelea". Una faida: hadithi inafika hata mahali ambapo gari halifiki. Lakini zipo tahadhari mbili.

Ya kwanza ni fedha. Mara nyingine hadithi hukatwa patamu na unaambiwa ulipie uendelee. Hakuna ubaya kumlipa mwandishi kazi yake. Ila hakikisha anayepokea ni mwandishi mwenyewe, uliza sehemu zimebaki ngapi, na usitume namba ya siri ya simu yako kwa yeyote.

Ya pili ni haki. Kitabu kilichopigwa picha na kusambazwa bila ruhusa ni mali ya mtu iliyochukuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na kitabu kisipouzika, cha pili hakiandikwi. Anayesubiri kwa hamu sehemu inayofuata asiwe yeye anayemkatisha tamaa mwandishi wake.

Kwa mzazi na mlezi

Ukimkuta mwanao na riwaya, usianze na kiberiti. Soma kurasa kumi kwanza. Jiulize: anayebeba hadithi ni wa umri gani? Hatari iliyomo inamfundisha kujihadhari au inamtamanisha? Mwovu anapata nini mwishoni? Kitabu kikiwa kimemzidi umri, mwambie hivyo na sababu yake, kisha mtafutie kingine cha kusisimua. Ukimnyang'anya bila kumpa mbadala, utakuwa umemfundisha kujificha tu.

Kwa anayetaka kuandika

Riwaya ya vijana tunayoisubiri huenda haijaanza kuandikwa, na anayeweza kuiandika huenda anasoma hapa. Mambo ya taharuki yametuzunguka: lori lililokwama usiku wa mvua njiani kwenda Kibondo, fedha za kikundi zilizopotea kabla ya mgao, binti aliyeambiwa anapelekwa kazini mjini na simu yake ikazimika. Anza na daftari. Andika sura moja, isome kwa sauti mbele ya wenzako, na uangalie ni wapi wanasogea karibu na wapi wanapiga miayo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere haimuulizi mwandishi anatoka jiji gani. Inauliza mswada.

Matokeo ya tuzo hiyo yakitangazwa kila Aprili, tutayasoma hewani pamoja na majina ya riwaya zilizoshinda. Ukisikia mojawapo inawahusu vijana na ina taharuki ndani yake, andika jina lake mahali na umpelekee mwalimu wako wiki hiyo hiyo, kabla agizo la vitabu la shule halijafungwa.