Mungu wa Mti na Wana wa Msitu

Katika mji wa Puri, ukingoni mwa Ghuba ya Bengal, mashariki ya Bara Hindi, lipo hekalu la mungu Jagannath, yaani Bwana wa Ulimwengu. Lilianza kujengwa katika karne ya 12, zama za Mfalme Anantavarman Chodaganga, na mnara wake una kimo cha meta 65 hivi. Mtu angetazamia kwamba ndani ya jengo lenye fahari kama hiyo mna sanamu za mawe au za dhahabu zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Sivyo. Mna sanamu za mti wa mwarobaini zilizopakwa rangi: Jagannath mweusi, kakaye Balabhadra mweupe, na dada yao Subhadra wa manjano. Macho yao ni makubwa, lakini miguu hawana, na mikono ya ndugu hao wawili ni vigutu. Ilikuwaje wafalme wakamjengea nyumba kubwa hivyo mungu ambaye hakumalizwa kuchongwa?

Wenyeji hulijibu swali hilo kwa ngano. Yasimuliwa kwamba Indradyumna, mfalme wa Malwa, alipata habari za mungu aitwaye Nila Madhava, aliyefichwa pangoni mwituni. Mtumishi wake hakuwa kuhani wala mwanachuoni. Alikuwa Vishvavasu, mkuu wa Wasavara, watu wa msituni. Mfalme akamtuma Mbrahmini, jina lake Vidyapati, akamtafute mungu huyo. Vidyapati akakaribishwa, akamwoa binti wa mwenyeji wake, kisha akambembeleza mkewe mpaka mkwewe akaridhia kumpeleka pangoni kwa sharti la kufungwa macho. Mgeni alikubali kitambaa. Walakini alichukua haradali, akawa akidondosha punje njiani. Mvua ziliponyesha haradali ikaota, na njia ya siri ikawa wazi. Mfalme alipofika na jeshi lake, mungu alikuwa amekwisha kutoweka.

Ndipo iliposikika sauti kwamba mungu atarudi kwa umbo la gogo litakaloletwa na bahari. Gogo likaja, likawashinda askari na ndovu. Na wako wasimuliao kwamba halikuinuka mpaka Msavara aliposhika upande mmoja na Mbrahmini upande wa pili. Fundi mmoja mzee akajitolea kulichonga, nyuma ya mlango uliofungwa, kwa siku 21. Malkia Gundicha, aliposikia kimya, akaingiwa na hofu, na mlango ukafunguliwa kabla ya siku kutimia. Fundi hakuonekana tena. Sanamu zilikuwa hazina mikono, na sauti ikaamuru ziachwe vivyo hivyo.

Mwepesi wa kuhukumu ataviita visa hivi porojo. Ni kweli kwamba Indradyumna hana enzi iwezayo kuwekewa mwaka. Lakini ngano haipimwi kwa tarehe peke yake; hupimwa pia kwa yale ambayo watu wameendelea kuyatenda kwa ajili yake. Kila mwaka, mwezi uwapo mpevu katika mwezi wa Jyestha, sanamu huogeshwa kwa mitungi 108 ya maji, kisha husemwa kwamba miungu imeshikwa na homa. Kwa siku 15 hivi hufichwa machoni pa watu, na wauguzi wao ni Wadaita, ukoo ujihesabuo kuwa uzao wa Vishvavasu. Madai ya yule mkuu wa msitu hayakufutwa. Yalipewa cheo, zamu na haki ndani ya nyumba ya mfalme.

Mfalme naye alipewa mahali pake. Katika karne ya 13, Anangabhima wa Tatu alitangaza kwamba nchi ni milki ya mungu, na yeye ni naibu tu. Miungu inapotolewa nje kwa magari matatu ya mbao, yenye magurudumu 16, 14 na 12, iende kwenye hekalu la Gundicha lililo umbali wa kilometa 3 hivi, mrithi wa ufalme hupanda na kuyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Waingereza waliokuja baadaye waliona magurudumu, hawakuuona ufagio. Ndipo jina Jagannath likawa katika lugha yao neno la kitu kipondacho kila kilicho mbele yake.

Ushahidi mzito zaidi hupatikana sanamu zinapobadilishwa, kila baada ya miaka 8 hadi 19, kama ilivyokuwa mwaka 1996 na mwaka 2015. Wadaita ndio waendao kuitafuta miarobaini yenye alama zitakiwazo. Usiku, Mdaita mzee, macho yamefungwa na mikono imeviringwa nguo, huhamisha kitu cha siri kutoka sanamu kuukuu kwenda mpya. Kisha zile za zamani huzikwa, na Wadaita hukaa matanga kama waliofiwa na ndugu yao. Katika ngano Msavara alimfunga macho Mbrahmini. Katika ibada mzawa wa Msavara hufungwa yeye mwenyewe. Hata mlinzi wa siri haruhusiwi kuimiliki.

Mapatano hayo, hata hivyo, yalikuwa na mpaka. Chakula kilichotolewa kwa Jagannath huliwa na watu wa matabaka mbalimbali pamoja. Lakini waliohesabiwa najisi walibaki nje ya lango mpaka karne ya 20, hata mwaka 1938 Gandhi akahuzunika sana kwa kuwa mkewe, Kasturba, aliingia mahali walipokatazwa wao. Mpaka leo asiye Mhindu haingii. Kwa hao wote waliozuiwa, siku ya magari ilikuwa, na kwa baadhi ingali, siku ya kumwona Bwana wa Ulimwengu: siku anapotoka mwenyewe njiani. Ngano iliyomkumbuka Msavara haikuwakumbuka wote, na mwanahistoria aisomaye kama hati ya mapatano hana budi kuwahesabu pia wale ambao hawakuitwa kutia sahihi.