Uchovu wa dawa za moyo si sababu ya kuziacha

Mkulima wa Githongo, Kaunti ya Meru, aliyezoea kupanda na kushuka miteremko ya mashamba ya majanichai, huenda akahisi nguvu zimemwishia punde aanzapo kumeza dawa za moyo za aina ya beta bloka, kama vile atenololi au kavediloli.

Dawa hizi huzuia homoni ya adrenalini isiuharakishe moyo. Mapigo hupungua na moyo ukapumua, lakini misuli hukosa msukumo iliouzoea mtu anapopanda mlima. Aghalabu mwili huzoea baada ya wiki kadhaa.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni kuacha dawa ghafla: moyo huweza kwenda mbio, shinikizo la damu likapanda na hata mshtuko wa moyo ukatokea. Ya pili ni kutafuna miraa, zao mashuhuri la Meru, ili kufukuza uchovu. Miraa huharakisha mapigo na kupandisha shinikizo, yaani hubomoa kile ambacho dawa inajenga.

Lililo salama ni kurejea kwa daktari. Mgonjwa anaweza kupunguziwa kipimo hatua kwa hatua, kubadilishiwa dawa au saa ya kuimeza, na kupimwa upungufu wa damu. Kazi nzito nayo aigawanye kwa vipindi vya mapumziko.

Mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika huku akiona kizunguzungu, au pumzi zikibana na miguu kuvimba, asisubiri siku ya kliniki.