Vijana Sita na Njia ya Kwenda Singapore

Tarehe 1 Septemba 1955, magari mawili aina ya Land Rover yaliondoka Hyde Park Corner, katikati ya London. Moja lilipakwa rangi ya buluu iliyokolea na kuitwa Oxford. La pili, la buluu hafifu, liliitwa Cambridge. Ndani yake walikuwamo vijana sita wa vyuo vikuu hivyo viwili, na mwisho wa safari yao ulikuwa Singapore. Kati ya miji hiyo palikuwa na zaidi ya kilomita 15,000 za nchi kavu, na hakuna aliyekuwa amewahi kuzimaliza zote kwa gari.

Ugumu haukuwa Ulaya, wala si Uturuki au Uajemi. Hadi India njia ilijulikana, hata kama ilichosha. Kikwazo kilikuwa mashariki ya India: milima yenye misitu minene inayoitenga Assam na Burma, mito inayofurika kila masika, na serikali ya Burma iliyokuwa ikipambana na waasi na isiyopenda kuona wageni wakirandaranda mipakani. Wengine waliojaribu kabla yao walikwama huko. Kwa hiyo kazi kubwa ya vijana hawa ilifanyika kabla gari halijawashwa, na kisa chao kinastahili kusimuliwa kwa kuanzia hapo.

Safari ndefu za magari zilikuwa na historia tayari, na sehemu yake moja ilianzia kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Paul Graetz wa jeshi la Wajerumani aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa mahususi kwa ajili yake na kiwanda cha Gaggenau. Alikusudia kuvuka bara zima hadi Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki. Reli ya kati ilikuwa bado haijafika hata Morogoro, na nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika Vita vya Maji Maji. Vituo vya petroli havikuwapo, hivyo akiba ya mafuta ilitangulizwa njiani na wapagazi. Kifaa kikubwa kilipoharibika, ilibidi kusubiri kingine kitoke Ulaya kwa meli. Graetz alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya karibu miezi 21.

Mpango wa Graetz ulitegemea amri. Aliyekuwa juu aliamua, na mzigo ukabebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vijana wa mwaka 1955 hawakuwa na jeshi wala wapagazi, na fedha zao hazikutosha hata kununua gari moja. Walichokuwa nacho ni urafiki, na kila mmoja kukubali kubeba kazi moja mpaka mwisho.

Adrian Cowell alishika mambo ya biashara: kuandika barua, kubisha hodi kwenye ofisi, kuomba. Pat Murphy alipewa ramani na viza. Henry Nott alikuwa fundi mkuu. Nigel Newbery alisimamia stoo, yaani chakula, vyombo na vifaa vya kambi, na kumsaidia Nott pale spana zilipohitajika. Antony Barrington Brown, ambaye wenzake walimwita BB, alibeba kamera. Tim Slessor alikabidhiwa kalamu. BB hakuwa mgeni katika kazi yake: ndiye aliyepiga, mwaka 1953, ile picha mashuhuri ya James Watson na Francis Crick wakiwa mbele ya kielelezo chao cha DNA kule Cambridge.

Mgawanyo huo ndio uliowaokoa. Katika makundi mengi ya marafiki kila mtu hupenda kuendesha na hakuna anayependa kuhesabu makopo ya maharage. Hapa aliyehesabu makopo alikuwa na heshima sawa na aliyeshika usukani, na jambo likiharibika ilijulikana ni nani wa kulitengeneza.

Fedha zilitafutwa kwa njia ya kubadilishana. Kampuni ya Rover ilitoa magari, kwa kuwa safari ya namna hiyo ikifaulu ingelitangaza gari lake kuliko tangazo lolote la gazetini. Kampuni nyingine zilichangia bidhaa. Cowell na wenzake walikwenda pia BBC, wakaonana na mtayarishaji kijana wa vipindi vya televisheni aliyeitwa David Attenborough. Akawapa mikanda ya filamu, wao wakaahidi kurudi na picha. Uamuzi huo ulibadili safari yenyewe, maana kuanzia hapo iliwapasa kusimama, kupanga kamera, kurudia kuvuka mto uleule ili upigwe picha vizuri, na kuitunza mikanda isiharibiwe na joto na vumbi. Muda wa kazi hiyo nao uliingizwa kwenye hesabu ya siku.

Magari yenyewe hayakuwa ya ajabu. Land Rover ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza. Injini ya lita mbili haikuwa na mbio, lakini gari lilivuta kwa magurudumu yote manne na lilikuwa na gia nzito za kupandia milima na kutokea matopeni. Vijana waliongeza winchi mbele, keria juu ya paa, taa za ziada na majerikeni. Kuchukua magari mawili ya aina moja kulikuwa na faida ya wazi: vipuri vilitumika kwa yote mawili, na moja likizama, la pili lilikuwapo la kulivuta.

Sehemu iliyochosha zaidi ilikuwa makaratasi. Kila nchi ilidai viza kwa kila mtu, na kila gari lilihitaji hati ya kupita mipakani bila kulipa ushuru, hati ambayo haitolewi bila dhamana. Ruhusa ya kupita Burma ilikuwa ngumu kuliko zote. Murphy hakuwa na namna ya kuifupisha kazi hiyo. Ilitaka subira, barua zilizoandikwa kwa adabu na kufuatilia bila kuchoka.

Basi wakavuka Ulaya, wakaingia Uturuki, wakashuka hadi Beirut na Damascus, wakakatisha jangwa kwenda Baghdad, kisha Tehran, kisha Pakistan na India. Huko mbele, Assam, ndiko ulikowasubiri mtihani wenyewe: Barabara ya Ledo.

Barabara hiyo ilikuwa mtoto wa vita. Kuanzia mwishoni mwa 1942 Wamarekani, chini ya Jenerali Joseph Stilwell, waliichonga kutoka Ledo ili kuipelekea China silaha na chakula, baada ya Wajapani kuziba njia nyingine. Askari wengi wa Kimarekani walioijenga walikuwa watu weusi. Ilikamilika mapema mwaka 1945, na haukupita muda vita vikaisha. Miaka kumi baadaye msitu ulikuwa umeirudia, na madaraja mengi yalikuwa yamekwenda na maji.

Msitu wa Burma haukuwa jina geni Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, ikauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Askari wa King's African Rifles (KAR), waliopeana amri na habari kwa Kiswahili, waliyajua matope ya Burma miaka kumi na moja kabla ya vijana hawa kuyafikia. Matope hayo yalikuwa yamemeza malori ya kijeshi.

Vijana walipanda hadi mpito wa Pangsau, mpakani, wakateremkia upande wa Burma. Palipokosekana daraja waliingia mtoni; palipofungwa na miti walikata; gari liliponasa, winchi ilifanya kazi. Hapo ndipo ilipoonekana maana ya miezi ile ya barua na orodha. Ruhusa ilikuwa mkononi, chakula kilitosha, na vipuri vilikuwa mahali vinapojulikana. Tarehe 6 Machi 1956, baada ya miezi sita na siku chache, Oxford na Cambridge yaliingia Singapore.

Ahadi zote zilitimizwa. Filamu ilirushwa na BBC, na mwaka 1957 Slessor alitoa kitabu, First Overland, chenye dibaji ya Attenborough. Cowell aligeukia kazi ya filamu na kupata jina kwa filamu zake kuhusu msitu wa Amazon na watu wake. Gari la Cambridge lilipotea miaka ya baadaye, katika safari nyingine, lilipotumbukia korongoni nchini Iran. Oxford liliishia kwenye kisiwa cha St Helena, likarudishwa Uingereza likiwa gofu, na likafufuliwa.

Mwaka 2019 kundi jingine lilipanga kulirudisha gari hilohilo kutoka Singapore hadi London. Slessor, akiwa na umri wa miaka 87, alikuwa tayari kusafiri nalo, ila aliugua kabla ya kuondoka. Kwa kuwa nafasi na kazi za gari lile zilikwisha kugawanywa, mpango haukuvunjika: mjukuu wake, Nat George, alichukua kiti chake, na tarehe 14 Desemba mwaka huo, baada ya siku 111, Oxford likaingia London.