Programu huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuiendesha kwa kazi yoyote, kuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kugawa nakala. Suala ni uhuru, si bei, maana zipo programu za bure zilizofungwa kabisa. Programu ya kumilikiwa humpa mtu leseni ya kuitumia tu. Msimbo hubaki kwa kampuni. Richard Stallman wa Marekani, aliyewahi kunyimwa msimbo wa printa iliyokuwa ikinasa karatasi mara kwa mara, alitangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983. Waswahili walionja matunda ya uhuru huo mwaka 2004: mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu huria ya ofisi, OpenOffice, kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, bila kungoja kampuni yoyote ione soko.