Mvaaji yuko karibu, mlipaji yuko mbali: Kuuza nguo dukani na mtandaoni mjini Ikutha

KATIKA mji mdogo kama Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, mwenye duka la nguo huwa na wateja wa aina mbili ambao mara nyingi hawako mahali pamoja. Wa kwanza ni mvaaji: mama, mzee, mwanafunzi au mwanakwaya anayeishi karibu na soko. Wa pili ni mlipaji: mtoto, ndugu au mume anayefanya kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo na hutuma pesa nyumbani.

Duka linalomtegemea mvaaji peke yake huuza kadiri ya fedha zilizomo mifukoni mwa wapita njia. Lile linalomkimbiza mlipaji peke yake kwa picha za mtandaoni hujikuta likishindana na wauzaji wa Eastleigh na Gikomba, ambao hununua kwa wingi na kuuza kwa bei isiyoweza kufikiwa na duka la mashambani.

Nafasi ya muuzaji wa Ikutha iko kati ya wateja hao wawili. Yeye ndiye anayeweza kumpima mvaaji kwa utepe asubuhi, kumwonyesha mlipaji nguo kwa simu adhuhuri, na kuifunga nguo hiyo ikiwa imelipiwa kabla ya jioni. Huduma hiyo haipatikani kwa muuzaji aliye mbali, hata awe na bei nafuu namna gani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mtaji wa duka la nguo umetundikwa ukutani. Gauni lililokaa miezi sita bila kununuliwa ni kodi ya pango au karo ya mtoto iliyokwama kwenye henga.

Nguo na safari ya pwani

Biashara ya nguo Ukambani haikuanza na duka wala simu. Katika karne ya 19, Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara kati ya bara na Mombasa. Mmishonari Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka wa 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, kiongozi mashuhuri wa misafara ya pembe za ndovu, ambaye aliuawa mwaka wa 1851 wakiwa safarini pamoja. Misafara ilishuka na pembe na kurudi na bidhaa za pwani, zikiwemo nguo: merikani iliyofumwa Marekani na kaniki ya rangi ya samawati iliyokolea.

Tangu wakati huo, nguo zimekuwa zikitoka mbali na fedha za kuzinunua zikitokana na kazi ya mbali. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, wito wake wa kwanza ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwa muuzaji wa nguo, hapo ndipo mlipaji wa mbali alipoweza kuingia dukani bila kusafiri.

Barabara nayo imebadilisha hesabu. Ile ya kutoka Kibwezi, Kaunti ya Makueni, inayovuka Mto Athi na kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, iliwekwa lami wakati wa utawala wa Rais Uhuru Kenyatta. Kibwezi iko kwenye barabara kuu ya Nairobi-Mombasa. Kwa hivyo, kifurushi kutoka mojawapo ya miji hiyo miwili hufika Ikutha kwa urahisi kuliko zamani. Lakini lami hiyo hiyo humrahisishia mnunuzi kupanda gari na kwenda kununua kwingine.

Kalenda ya fedha

Kusini mwa Kitui ni eneo kame, na wakulima wengi hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Ndengu, yaani pojo, huvunwa mapema mwakani. Mvua ikinyesha vyema, fedha huonekana sokoni baada ya mavuno. Ikikosekana, nguo ndicho kitu cha kwanza ambacho familia huahirisha.

Kipindi cha pili ni Desemba, wanaofanya kazi mijini wanaporejea kwa Krismasi. Huu ndio wakati mlipaji na mvaaji huingia dukani pamoja, na ndio wakati bora wa kuandika nambari ya simu ya mmoja na vipimo vya mwingine. Kumbukumbu za Desemba zitauza nguo mwezi Mei, wakati soko limelala.

Januari ni mwezi wa sare za shule. Fedha za familia huenda kwenye karo, vitabu na viatu vyeusi. Anayejaza duka magauni ya sherehe mwezi huo hujitakia hasara.

Mbali na misimu hiyo kuna shughuli zisizofuata kalenda: arusi, mazishi, sherehe za kwaya na ntheo, ile hafla ya mbuzi inayothibitisha ndoa kwa mila za Wakamba. Hapa mnunuzi huwa kundi. Akina mama 20 wa chama kimoja wakikubaliana kuhusu kitenge kimoja, mwenye duka huuza kwa siku moja mali ambayo ingemchukua wiki kadhaa, na anaweza kudai malipo ya awali kabla ya kuagiza.

Kuchagua mali

Wenye maduka madogo huchanganya nguo mpya na mitumba. Katika robota la mitumba, nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera, na masalio ya mwisho huitwa fagia. Anayenunua robota zima hununua yote mawili bila kuyaona. Mwenye mtaji mdogo huwa salama zaidi akichagua nguo moja moja, hata kama bei ya kila moja ni ya juu kidogo.

Ni hatari pia kutegemea chanzo kimoja. Mwezi Machi 2020, serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba kutokana na janga la Covid-19, na marufuku hiyo iliondolewa Agosti mwaka huo. Waliokuwa na fundi wa kushona au nguo mpya rafuni walikuwa na la kuuza. Ushonaji si mgeni Kitui: kiwanda cha nguo cha kaunti hiyo, KICOTEC, kilianzishwa mwaka wa 2018 wakati wa Gavana Charity Ngilu, na mwaka wa 2020 kilishona barakoa.

Mafundi wa cherehani walioko sokoni ni washirika kuliko washindani. Duka linalokubaliana na fundi kukunja pindo au kupunguza kiuno kwa ada ndogo huuza nguo inayomkaa mteja sawasawa.

Dukani

Mteja wa mji mdogo hutaka kujua bei bila kuuliza. Kibandiko cha bei kwenye kila nguo humwondolea aibu mwenye fedha kidogo, na humwondolea mashaka anayehofu kwamba bei hupandishwa kulingana na sura ya mnunuzi. Kioo kirefu na pembe iliyozungushiwa pazia kwa ajili ya kujaribia nguo ni vitu vya gharama ndogo, lakini bila hivyo watu wengi huondoka wakisema watarudi.

Chombo muhimu kuliko vyote ni daftari la vipimo. Kila mvaaji aandikiwe, kwa ridhaa yake, kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa sentimita, pamoja na saizi ya kiatu. Lebo pekee hazitoshi. Gauni la saizi 12 ya Uingereza kwa kawaida hulingana na 40 ya Ulaya na 8 ya Marekani, na viwanda mbalimbali havikati sawa. Mlipaji anapopiga simu kutoka Mombasa akitaka kumnunulia mamake nguo ya kanisani, daftari ndilo litakalojibu.

Kwenye simu

Programu ya WhatsApp Business, iliyozinduliwa mwaka wa 2018, humwezesha mwenye duka kuweka orodha ya bidhaa na bei, saa za kufungua, na majibu ya maswali ya kawaida. Picha za hali hudumu kwa saa 24 pekee, kwa hivyo zinafaa kwa mali mpya ya siku hiyo. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo humfikia tu mtu aliyehifadhi nambari ya duka kwenye simu yake. Ndiyo maana ni vizuri kumwomba mteja aihifadhi nambari hiyo akiwa bado amesimama dukani.

Facebook hufaa kuwafikia wenyeji waliotawanyika, hasa katika makundi ya watu wa eneo moja. Video fupi za TikTok huenda mbali zaidi, lakini watazamaji 1,000 wa Kisumu au Nakuru wasioijua Ikutha wana faida ndogo kuliko watu 10 wenye wazazi Kanziko au Mutha. Tangazo linaloandikwa kwa Kiswahili na Kikamba, likitaja soko kwa jina, huwachuja wateja wanaofaa.

Picha nzuri haihitaji kamera ya bei ghali. Nguo ipigwe karibu na mlango, kivulini, asubuhi au alasiri, ikiwa imenyooshwa kwa pasi. Zihitajike picha nne: mbele, nyuma, lebo, na kasoro yoyote iliyopo. Mtumba wenye doa dogo ukionyeshwa doa hilo mapema huuzwa kwa bei yake. Doa likigunduliwa nyumbani, duka hupoteza mvaaji na mlipaji kwa pamoja. Maelezo yataje vipimo, aina ya kitambaa na bei. Jibu la kumtaka mteja aulize bei faraghani huwafukuza wengi.

Kwa kuwa mtumba huwa mmoja wa aina yake, picha iondolewe mara tu nguo inapouzwa. Bei ya mtandaoni lazima iwe sawa na ya dukani, kwa sababu katika mji mdogo mvaaji na mlipaji watazungumza.

Hesabu ya punguzo

Wengi huanza kujitangaza kwa kupunguza bei. Tuseme gauni limenunuliwa Nairobi kwa Sh600, usafirishaji ukagharimu Sh50, na mgao wake wa pango, umeme, leseni na intaneti ni Sh120. Gharama yote ni Sh770. Likiuzwa Sh1,000, faida ni Sh230.

Punguzo la asilimia 20 huonekana dogo, lakini huondoa Sh200 na kubakisha faida ya Sh30. Muuzaji atahitaji kuuza karibu magauni manane kwa bei hiyo ili apate faida ya gauni moja la bei kamili. Kukunja pindo bila malipo kwa Sh50 anazomlipa fundi humgharimu kidogo kuliko hapo, na mteja hulikumbuka tendo hilo kwa muda mrefu. Punguzo libaki kwa nguo zilizokaa sana, ambazo lengo lake ni kuokoa mtaji.

Malipo na madeni

Malipo yaingie kwenye nambari ya biashara, si simu ya binafsi, ili fedha za duka zisichanganyike na za nyumbani. Nguo isitolewe kwa kutazama ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi, kwani ujumbe huweza kughushiwa. Uthibitisho ni ule unaofika kwa mwenye duka.

Kukopesha ni mtihani wa kila duka la mashambani. Utaratibu wa lipa polepole, ambapo nguo huwekwa kando hadi malipo yakamilike, humlinda muuzaji bila kumvunjia jirani heshima. Mlipaji wa mbali naye anaweza kumalizia salio alilolianza mvaaji.

Sheria

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na kibali cha biashara hutolewa na kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Kodi hii hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hivyo iingizwe katika bei tangu mwanzo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inagusa pia mikataba ya intaneti. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inaharamisha uuzaji wa nguo zenye nembo bandia. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara. Picha ya mama aliyevaa gauni jipya isitangazwe bila yeye kukubali.

Kipimo cha mafanikio

Idadi ya wanaopenda picha mtandaoni hailipi pango. Kila Jumamosi jioni, mwenye duka anaweza kuandika mambo manne: nguo zilizouzwa, zipi zililipiwa na mtu aliye mbali, zipi zilirudishwa na kwa nini, na wateja wangapi wamerudi. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litamwonyesha saizi anazokosa, rangi zisizonunuliwa na familia zinazolitegemea duka lake.

Mauzo ya mlipaji wa mbali yakiongezeka huku nguo zinazorudishwa zikipungua, ni ishara kwamba duka na simu vinasema neno moja. Nguo zinazorudishwa zikiongezeka, dawa si matangazo zaidi. Ni kurudi kwenye utepe wa kupimia.